Nambari Nne, Rangi ya Manjano

Katibu wa klabu aliyapanga magari matatu juu ya meza, pua zikimtazama mteja, kama muuza viatu anayejua mapema kwamba mguu ulio mbele yake hautaingia katika hata kimoja.

"Haya, Mzee Tela," alisema. "Chagua. Lakini nisikilize kabla hujachagua, maana ukishachagua hutanisikiliza."

Mzee Tela alicheka puani. Alikuwa na miaka sitini na tisa, mrefu, shati lake limepigwa pasi mpaka mikono yake ina makali. Kwa miaka thelathini na minne aliendesha malori yenye tela, na jina lilitoka huko. Pembeni yake alisimama mtu mfupi mwenye kofia ya sufi. Huyo, kwa miaka ishirini na sita kati ya hiyo, alikaa kiti cha kushoto cha lori lilelile: alikuwa utingo wake. Sasa alikuwa na wajukuu tisa na mgongo usiotaka kunyooka, lakini watu waliendelea kumwita Utingo, naye angeshtuka kama wangemwita kitu kingine.

Ukumbi walimokuwa ulikuwa zamani ghala la kiwanda cha magodoro. Kiwanda kilikufa, ghala likabaki. Sasa sakafu yote ilifunikwa zulia la kijivu, gumu, lenye manyoya mafupi, na juu ya zulia walikuwa wamepanga mbao nyeupe zilizochora barabara yenye kona kumi na moja. Kila Jumamosi mchana watu wazima, wenye wake zao na kazi zao, walikuja hapa kushindanisha magari ya rimoti, kila gari urefu wa kiwiko mpaka ncha ya vidole. Katibu mwenyewe siku nyingine zote alikuwa fundi wa vyerehani, na vidole vyake vilinuka mafuta mepesi.

"Hili la kwanza," alisema Katibu, "chasi ya kaboni, mikanda miwili, mmoja unavuta mbele, mmoja nyuma. Nusu ya watu humu wanalo. Faida yake si mwendo. Faida yake ni kwamba ukivunja mkono wa tairi saa nane kamili, saa nane na dakika tano kuna mtu ameshakuazima wa kwake. Hili la pili ni la mikanda pia, ila chasi yake ni aluminiamu. Zito, limelala chini. Halina haraka, lakini halipinduki ovyo. Kwa mtu anayeanza, mimi ningechukua hili."

"Na la tatu?"

"La tatu nimelileta lijaze meza."

Utingo aliangua kicheko, kisha akakitafuna alipoona Bosi wake hacheki.

"Mzee, hili ni gari la lami," Katibu alieleza, akiligeuza tumbo juu. "Chasi ya plastiki, halina mkanda hata mmoja, lina shafti katikati kama lori lako. Huko nje kwenye lami ni zuri. Ukizidisha mwendo kwenye kona, linateleza kidogo, linakusamehe. Zulia halisamehi. Zulia linang'ata tairi. Gari lisipokuwa gumu na la chini, halitelezi, linapinduka. Na la shafti, ukikanyaga mafuta kwa nguvu, linajivuta upande mmoja. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Yawashe."

"Lipi?"

"Yote. Moja moja. Nataka kuyasikia."

Katibu alimtazama Utingo. Utingo alitazama dari, kwa makini sana, kana kwamba paa lilikuwa linavuja.

Katibu aliyainua magari moja baada ya jingine, tairi zikizunguka hewani. La kwanza lilinguruma chinichini kama feni ya ofisini. La pili vilevile. La tatu lilipiga mluzi: meno ya gia zake yalishikana na shafti yakatoa sauti nyembamba, kali, inayopanda na kushuka kwa kidole cha Katibu.

"Hilo," alisema Mzee Tela.

"Mzee wangu, gari la rimoti halisikilizwi. Hutazamwa."

"Dereva husikiliza."

"Basi sawa. Si nilisema hutanisikiliza? Na bodi? Bodi huja ikiwa plastiki tupu ya kupakwa rangi. Vijana wanapenda nyeusi yenye miali ya moto."

"Kuna mwenye manjano humu ndani?"

Katibu alifikiri. "Manjano? Hakuna."

"Basi manjano. Manjano tupu, bila michoro. Na nambari nne, kubwa."

Katibu aliandika. Alidhani ameuza gari kwa mzee mkaidi, na hakukosea sana. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuambiwa, na Mzee Tela asingemwambia hata kwa kushikiwa kisu.

Macho yake yalikuwa yanakwenda. Miezi saba nyuma, daktari wa macho, mwanamke mwenye umri wa binti yake wa pili, alimweka kidevu kwenye mashine na kumwambia abonyeze kitufe kila anapoona nukta ya mwanga. Alikaa anasubiri nukta zianze. Zilipokuwa zimekwisha ndipo akauliza zinaanza lini.

"Ni presha ya macho, baba," daktari alisema. "Inakula kutoka pembeni, inakuja katikati. Kilicholiwa hakirudi. Haya matone ni kama breki tu, na sitakudanganya: zako tumezikanyaga tukiwa tumeshaanza kuteremka."

Alimpenda daktari kwa lugha hiyo. Akamchukia kwa neno lililofuata: asiendeshe tena chombo chochote, hata pikapu yake ya nyumbani, hata kuitoa uani tu.

Jioni hiyohiyo alimpa mkwewe ufunguo wa pikapu. Hakueleza, na mkwe hakuuliza. Tangu siku hiyo hakukaa tena kiti cha dereva. Hata gari likiwa limezimwa, limesimama uani, alilizunguka akakaa upande wa pili, akafunga mkanda. Dunia aliiona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Kilichokuwa katikati ya bomba alikiona vizuri, mpaka uzi uliochomoka kwenye kola ya mtu. Kilichotoka nje ya bomba kilikuwa kimekufa mpaka akitafute kwa kugeuza shingo.

Mkewe alijua, maana ndiye aliyekuwa akimtia matone. Utingo alijua, maana Utingo alijua kila kitu. Wengine waliambiwa mzee amechoka barabara.

Wazo la gari dogo lilimjia siku walipopita nje ya lile ghala, yeye na Utingo, wakasikia vile vimota vikilia, wakaingia. Alisimama pale saa nzima. Njiani kurudi alisema:

"Mbio moja ni dakika tano. Umesikia? Dakika tano tu. Nikimaliza mbio moja, katikati ya watu, bila kugonga, mimi bado ni dereva."

"Na usipomaliza?"

"Nitakaa nyumbani nisubiri giza kwa adabu."

"Bosi, lile ni gari la kuchezea."

"Usukani ni usukani."

Mkewe aliposikia alipiga makofi mara moja, akashika kiuno. "Makubwa! Thelathini na minne hukutosheka? Haya, afadhali. Hilo angalau halitakulaza nje ya nyumba wiki mbili, na ukija na hadithi ya pancha nitakukagua mfukoni." Kisha akamvuta kope, akamdondoshea tone, na mkono wake ukabaki shavuni kwa mzee muda mrefu kuliko tone lilivyohitaji.

*

Jumanne asubuhi ukumbi ulikuwa mtupu. Katibu aliwaachia ufunguo, nao wakaenda kufanya mazoezi, wazee wawili na sanduku moja.

Madereva walisimama juu ya jukwaa la mbao, urefu wa meza, pembeni mwa uwanja. Kutoka hapo uliona zulia lote. Yaani, wengine waliona zulia lote. Mzee Tela aliona duara moja la kijivu, na kazi yake ilikuwa kuliweka lile gari la manjano ndani ya duara na kutoliachia.

Shida ya kwanza haikuwa macho. Gari likikwenda mbali na wewe, kulia ni kulia. Likigeuka na kurudi kwako, kulia kwake ni kushoto kwako, na mkono unasahau. Kila anayeanza hugonga hapo. Klabu nzima iligonga hapo, wengine kwa miezi.

Wao wawili walipita kama wanaotembea. Sababu ilikuwa namna yao ya kazi. Katika lori, Utingo hakuwa akimwambia Bosi "kulia" wala "kushoto". Mwaka wa kwanza walijaribu, na Utingo akiwa amesimama nyuma ya tela akimtazama uso kwa uso, kulia kwa huyu kukawa kushoto kwa yule, wakabomoa ukuta wa ghala la saruji. Baada ya hapo walitunga lugha yao. Upande wa usukani ulikuwa "kwako". Upande wa kiti cha utingo ulikuwa "kwangu". Lori liende mbele, lirudi nyuma, lipinde, kwako kulibaki kwako. Na Utingo alipochungulia kwenye kona au makutano akaona hakuna kitu, alisema "nyeupe". Neno hilo moja. Akisema nyeupe, Mzee Tela aliondoa lori hapohapo, tani thelathini, hakugeuza kichwa. Katika miaka ishirini na sita hakuwahi kuuliza mara mbili.

"Kwako," alisema Utingo sasa, amesimama nyuma ya bega lake juu ya jukwaa. "Kwako tena. Nyoosha. Kwangu kidogo. Kwangu, kwangu, nyoosha. Nyeupe."

Na gari liliimba. Kwenye mstari ulionyooka mluzi ulipanda, kwenye kona ukashuka, na masikio yake yakajua lilipo hata pale bomba lilipochelewa. Siku ya kwanza aligonga mara kumi na nne. Jumanne ya pili mara tano. Walipaka tairi dawa ya kushika zulia, wakaifuta kwa kitambaa, wakafunga springi ngumu zaidi, kama Katibu alivyowafundisha. Jumanne ya tatu Mzee Tela alimaliza dakika nne na sekunde arobaini bila kugusa ubao, kisha akagusa, kisha akalia. Hakulia kwa sauti. Alijifanya anafuta miwani ambayo haikumsaidia chochote.

Katibu alikuwa amefika mapema siku hiyo, akaona mwisho mwisho. "Mzee, nakula maneno yangu," alisema. "Hilo gari lilipaswa kuwa limelala chali muda mrefu."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Kweli tupu. Lakini ulikuwa peke yako. Wakiwa sita utakanyaga mafuta zaidi, upende usipende. Kona ya tatu, mwisho wa mstari mrefu, iogope."

Jumamosi mbili zilizotangulia alikuja kutazama tu, gari lake likiwa mezani ili watu walizoee. Jumamosi iliyofuata jina lake liliandikwa ubaoni.

*

Bingwa wa klabu alikuwa Daktari wa Meno, mtu mnene, mwema, mwenye kicheko cha kuamsha mtoto nyumba ya tatu. Alimheshimu kila mzee na kumwazima vifaa kila maskini. Gari lake lilikuwa la chasi ya kaboni, na bodi yake siku zote ilikuwa ya buluu.

Jumamosi hiyo alilifungua sanduku lake mbele ya Mzee Tela kwa madaha, kama mtu anayefunua zawadi.

"Mzee Tela, usinishitaki. Nimekuiga!"

Bodi ilikuwa ya manjano. Manjano tupu, bila michoro.

"Wiki mbili hizi naliangalia lako pale mezani," alisema Daktari wa Meno, "nikamwambia mke wangu, hiyo ndiyo rangi ya mtu anayejiamini. Sisi wengine tunajificha kwenye michoro. Nimepaka kwa heshima yako, mzee wangu. Nambari yangu ni sita, usiogope, hatutagombana."

Utingo alikuwa amemkazia macho Bosi wake. Sentensi moja ingetosha. Daktari, bwana, leo rudisha ile ya buluu, macho yangu hayako sawa. Ile bodi ya buluu ilikuwa ndani ya sanduku lilelile. Kona yake ilionekana, ndani ya bomba, wazi kabisa. Kuibadilisha ni kazi ya pini nne.

"Imekupendeza," alisema Mzee Tela.

Daktari wa Meno alimpa mkono kwa mikono yote miwili, akaenda zake akicheka.

"Mwambie," Utingo alinong'ona. "Bado hajafika mbali."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba inachanganya."

"Inamchanganya nani mwenye macho?"

"Bosi…"

"Tutalisikia, Tingo. La kwangu linaimba. La kwake halina sauti. Si ndiyo sababu nililichagua?"

Utingo alivua kofia yake ya sufi, akaitazama ndani, akaivaa tena.

*

Madereva sita walipanda jukwaani na rimoti zao. Katibu aliruhusu Utingo asimame nyuma ya Bosi wake. Aliambiwa ni mazoea ya kazi ya zamani, akaona ni jambo la kupendeza. Kwenye kona za uwanja walisimama wainuaji, watu waliokuwa wamemaliza mbio zao, kazi yao kuyageuza magari yaliyopinduka. Feni mbili kubwa za ghala zilikuwa zinazunguka kwa sababu ya joto. Jumanne huwa zimezimwa.

Honi ililia.

Magari sita yaliondoka pamoja, na Mzee Tela akajua, kabla ya kona ya kwanza, kwamba hakuna wimbo. Mota sita, feni mbili, watu wakipiga kelele, Katibu akitangaza kwenye spika inayokwaruza: mluzi wake ulizama humo kama sindano kwenye godoro. Alikaza macho. Manjano ilikuwa katikati ya duara. Aliishikilia.

"Kwako," alisema Utingo sikioni. "Nyoosha. Kwangu. Kwangu. Vizuri, Bosi. Kwako."

Dakika ya kwanza ilipita. Hakugonga. Alikuwa wa mwisho, na hakujali. Hakuja kushinda mtu. Jasho liliteremka mgongoni. Dakika ya pili ilianza, na kwenye mstari mrefu alisikia magari ya mbele, yaliyomzidi mzunguko mzima, yakimjia nyuma. Kidole chake kilikanyaga mafuta zaidi. Hakukituma. Kona ya tatu ilifika na magari matatu ndani yake kwa pamoja, kukawa na mlio wa plastiki kwenye ubao, mtu akapiga kelele, "Limepinduka! Limepinduka!" na duara lake likawa la kijivu tupu.

"Ni mimi?" aliuliza. "Tingo, ni mimi?"

Alizungusha shingo. Kijivu. Ubao. Kiatu cha mwinuaji. Kisha manjano, ikitoka kwenye kona, inakwenda.

Utingo alivuta pumzi moja. Spika ilikwaruza tangazo lisiloeleweka.

"Nyeupe, Bosi," alisema. "Nyoosha. Unakwenda."

Akaenda. Na hapo, katika dakika tatu zilizobaki, Mzee Tela aliendesha kama alivyoendesha akiwa na miaka arobaini. Gari lilishika zulia bila kuyumba. Liliingia kona likiwa chini, likatoka likiwa limenyooka, likapita jingine kwa ndani, likapita jingine kwa nje. Alizungusha usukani kidogo tu, kwa vidole viwili, na lilimtii. Sauti ya Utingo ilikuja nyuma kidogo ya gari, "kwako" ikisemwa wakati gari limeshakata upande huo, na mzee akatabasamu: amemzidi utingo wake kasi, kama zamani, zile siku nzuri. Alihisi uzito wa tela nyuma yake. Alihisi kiti. Alimwaza mkewe, na maneno atakayomwambia akifika mlangoni, na jinsi atakavyoyasema kama jambo dogo.

Honi ya mwisho ililia. Alivuta breki kwa utaratibu, bila kushtua mzigo.

Gari halikusimama.

Wazo lake la kwanza lilikuwa la dereva: breki zimekata. Alivuta tena. Gari la manjano liliendelea, likapunguza mwendo kwa raha zake, likazunguka kona ya mwisho, likaja mpaka chini ya jukwaa na kusimama pale lilipotaka. Mkono mnene, wenye nywele, uliingia ndani ya duara ukaliokota. Ubavuni lilikuwa na sita.

Watu walipiga makofi. Daktari wa Meno alicheka kile kicheko chake, akasema jambo kuhusu tairi mpya.

Mzee Tela alikuwa bado ameshika rimoti, kidole kwenye breki. Alianza kugeuza shingo polepole, kona baada ya kona, akitafuta. Alilipata kwenye kona ya tatu. Mwinuaji alikuwa ameliweka nje ya ubao, mkono wa tairi la mbele umevunjika, tairi limelala chini kama sikio la mbwa mgonjwa. Tairi za nyuma zilikuwa zimefungwa breki.

"Tangu lini?" aliuliza bila kugeuka.

Utingo aliivua kofia yake.

"Nimekuuliza tangu lini."

"Dakika ya pili."

"Na wewe ulikuwa unaliita gari la nani?"

"Lile ulilokuwa unaliona, Bosi." Sauti ya Utingo ilikuwa imekauka. "Ulikuwa unaendesha vizuri sana. Ulikuwa… Ungejiona uso. Nilitaka kusema. Kila kona nilitaka kusema, kisha kona inapita."

Katibu alikuja na gari lililovunjika mikononi, akiwa amejaa huruma ya fundi. "Si nilikwambia kona ya tatu? Pole, mzee. Mkono wa hili sina, na humu hakuna mwenye gari kama hili wa kukuazima. Nitaagiza. Utachukua wiki sita, pengine nane. Msimu utakuwa umekwisha, lakini mwakani—"

"Usiagize," alisema Mzee Tela.

"Hata kwa ajili ya mazoezi ya Jumanne?"

"Mpe mtu anayetaka kujaza meza."

Alishuka jukwaani. Alitafuta ngazi kwa ncha ya kiatu, moja, ya pili, na Utingo hakuthubutu kumshika kiwiko. Daktari wa Meno alimpungia mkono kutoka pembeni. Mzee hakumwona, na Daktari alidhani amekasirishwa na kushindwa, akahuzunika kwelikweli.

Nje jua lilikuwa kali. Walitembea kando ya ukuta wa kiwanda kilichokufa mpaka barabara kubwa, ile ambayo walikuwa wakiivuka kila Jumanne bila kuifikiria. Hapakuwa na taa. Malori yalipita, na Mzee Tela aliyatambua kwa sauti, aina na uzito wake, yupi kapakia na yupi mtupu. Yalipopita, pakawa kimya. Alitazama mbele. Ndani ya bomba kulikuwa na duka la vioo ng'ambo, mlango wake wa kijani, na mwanamke akifagia. Upande huu na upande huu hapakuwa na kitu chochote. Si giza, wala si mwanga. Hakuna tu.

Utingo alichungulia upande wa "kwako", akachungulia upande wa "kwangu", kama alivyofanya mara maelfu.

"Nyeupe, Bosi," alisema. "Twende."

Mguu wa Mzee Tela uliinuka nusu, ukarudi chini.

"Nyeupe kweli?"

Katika miaka yote ile Utingo hakuwahi kuulizwa swali hilo. Alitazama tena barabara, mwisho mmoja mpaka mwisho mwingine. Haikuwa na gari hata moja. Alitaka kumshika mkono Bosi wake, akaogopa.

Wakabaki wamesimama pale ukingoni, bega kwa bega, barabara ikiwa tupu mbele yao, mpaka magari yakaanza kuja tena.